Namba 2,147,483,647: tuichambue mpaka tuimalize (uzi mrefu)

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hisabati, ila nimeuleta jukwaa la teknolojia kwa sababu namba yenyewe nimekutana nayo kazini.

Nilikuwa Kariakoo kwenye duka moja la vipuri vya jumla. Mwenye duka analalamika kwamba meseji za kuwakumbusha wateja madeni hazifiki. Nikafungua jedwali la wateja, nikakuta karibu wote wana namba moja ya simu: 2147483647. Kijana aliyewasajili hakukosea hata tarakimu moja, aliandika namba zao zikianza na 255 kama inavyotakiwa. Tatizo lilikuwa safu zilimowekwa. Aliyetengeneza mfumo aliifanya safu hiyo iwe ya namba kamili za biti 32 (biti ni nafasi moja ya kuandika 0 au 1), na namba yenye tarakimu 12 haiingii humo. Hifadhidata ya aina waliyotumia isipowekewa masharti makali haikatai. Inaandika namba kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba, halafu inaendelea na shughuli zake. Wateja walioandikwa kwa 07 walisalimika, maana sufuri ya mbele ikidondoka kinachobaki ni milioni mia saba na kitu, na hiyo inaenea. Dawa yake ni fupi: namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi na kitu, iwekwe kama maandishi. Hilo limekwisha.

Kilichonileta ni namba yenyewe. Sisi watu wa kompyuta tunaiona kila mara, tunaiita kikomo, tunapita. Namba hii ilikuwa na jina kubwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa. Ni namba tasa, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa namba tasa kubwa kabisa zilizowahi kuthibitishwa na binadamu. Kuwa kikomo cha mashine ni jambo moja, kuwa tasa ni jambo lingine kabisa, na hayakulazimika kukutana kwenye namba moja. Hilo ndilo nataka tulione pamoja.

Nianze na umbo lake. Nikiandika 2^31 someni "mbili kwa kipeo cha 31", yaani mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja. Jibu ni 2,147,483,648. Toa moja, unapata namba yetu. Kwenye mashine biti moja kati ya 32 inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikiwa 1 unajumlisha 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea mpaka 2^30, na jumla ni 2^31 − 1. Kwa mfumo wa sufuri na moja inaandikwa kwa moja tupu thelathini na moja zilizopangwa mstari, haina sufuri hata moja.

Sasa tazameni vikomo vya mashine za saizi mbalimbali. Biti 8 kikomo ni 127. Biti 16 ni 32,767. Biti 32 ni hii yetu. Biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807. Ya kwanza ni tasa. Ya pili si tasa, ni 7 × 31 × 151. Ya tatu ni tasa. Ya nne inagawanyika kwa 7, tena mara mbili. Wahandisi waliochagua biti 32 hawakuwa wanatafuta namba tasa, walikuwa wanaongeza ukubwa mara mbili mara mbili: 8, 16, 32, 64. Utasa umeingia wenyewe.

Nitaendelea kesho. Mwenye swali aweke.

Dogo wa Kimara

Mkuu shikamoo. Mimi niko kidato cha nne. Namba tasa naijua, ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na yenyewe. Swali langu ni moja: namba ya tarakimu kumi mtu anajuaje kwamba haina kigawo kingine chochote? Nani amejaribu zote?

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo moyo wa uzi huu.

Kwanza, huna haja ya kujaribu zote. Namba ikiwa na vigawo viwili vinavyozidishana kuipata, kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na videsimali. Kwa hiyo unajaribu namba tasa tu, kuanzia 2 mpaka 46,340. Bado ni nyingi, ziko 4,792. Kwa kalamu na karatasi ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa, na mtu akikosea mgawanyo mmoja kati ya hizo uthibitisho wote unaanguka.

Hapo ndipo umbo la 2^31 − 1 linapokuja kusaidia. Namba za aina hii, mbili kwa kipeo fulani kisha utoe moja, zina tabia zake. Ya kwanza: kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa. Ndiyo maana ya biti 64 ilianguka mapema: kipeo chake ni 63, na 63 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo 2^63 − 1 inagawanyika kwa 2^3 − 1, yaani 7. Ya biti 16 kipeo chake ni 15, ni kisa hichohicho.

Lakini msigeuze kauli. Kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, na 2^11 − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. 23 ni tasa, na 2^23 − 1 ni 8,388,607, ambayo ni 47 × 178,481. 29 ni tasa, na 2^29 − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089. Unaona 29 imeshindwa, halafu 31 inayoifuata imepita. Vipeo vinavyopita, kuanzia mwanzo, ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, kisha 31. Yetu ni ya nane katika ukoo huo, na unaitwa namba tasa za Mersenne.

Mwalimu wa Mbagala

Nimefurahi kuukuta uzi wa namna hii. Mimi nafundisha hisabati sekondari. Fundi, naomba nikusaidie sehemu moja, kwa sababu naona hapo umesimama mlangoni.

Dogo, angalia vigawo vya 2,047: ni 23 na 89. Toa moja kwenye kila kimoja: 22 na 88. Vyote vinagawanyika kwa 11, na 11 ndicho kipeo. Angalia 47 ya 2^23 − 1: toa moja ni 46, inagawanyika kwa 23. Angalia 233 ya 2^29 − 1: toa moja ni 232, ambayo ni 8 × 29. Haiwezi kuwa bahati mara zote hizo.

Sababu ni hii, fuata polepole. Chukua q, namba tasa yoyote inayogawa 2^31 − 1. Hiyo ni sawa na kusema 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa andika 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na kila moja uchukue baki lake kwa q. Mabaki hayo yatakuwa yanazunguka, na baada ya hatua 31 yanarudi kwenye 1. Je, yanaweza kurudi mapema zaidi? Yakirudi mapema, urefu wa mzunguko utakuwa kigawo cha 31, na 31 haina kigawo ila 1 na yenyewe. Mzunguko wa hatua 1 hauwezekani. Kwa hiyo mzunguko ni 31 kamili.

Upande wa pili tuna kanuni ya Fermat, Mfaransa aliyeieleza kwenye barua mwaka 1640: 2 kwa kipeo cha q − 1, ukigawa kwa q, inabaki 1, madhali q ni tasa na si 2. Kwa hiyo baada ya hatua q − 1 mabaki yamerudi tena kwenye 1. Basi 31 lazima iingie ndani ya q − 1 mara kamili. Tena q ni witiri, maana yake q − 1 ni shufwa. Basi 62 inaingia ndani ya q − 1. Kila kigawo tasa cha namba hii, kama kipo, lazima kiwe 62 mara kitu fulani, jumlisha 1.

Umeona tumefanya nini? Hatujagawanya hata mara moja, na tayari tumezitupa karibu zote kati ya zile 4,792. Darasani nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo ili wanafunzi waisikie.

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Mwalimu, ahsante sana. Hapo umeifungua kuliko nilivyopanga kuieleza.

Kuna chujio la pili. Kama 2^31 inabaki 1 kwa q, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Maana yake, kwa mabaki ya q, 2 ni mraba wa namba fulani. Na inajulikana kwamba 2 inakuwa mraba kwa namba tasa witiri zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabaki 1 au 7. Zile za kubaki 3 au 5 zinaondoka. Ukiunganisha na la Mwalimu, q lazima iwe 248 mara kitu jumlisha 1, au 248 mara kitu jumlisha 63. Namba tasa za sura hiyo zilizo chini ya 46,340 hazifiki hata mia moja.

Kutoka karibu elfu tano mpaka chini ya mia! Hiyo ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye subira anaweza kuimaliza kwa mkono.

Dogo wa Kimara

Nimejaribu Mkuu. Za 248 jumlisha 63 ya kwanza ni 311, nimehakikisha ni tasa. 249 ni 3 × 83 kwa hiyo haihesabiki. 497 ni 7 × 71. 559 ni 13 × 43. Inayofuata ambayo ni tasa nimepata 1,303, kisha 1,489.

Nimegawa 2,147,483,647 kwa 311: jibu 6,905,092 baki 35. Kwa hiyo 311 imetoka.

Mwalimu wa Mbagala

Safi sana! Na baki 35 unaweza kulihakiki bila kugawa namba ndefu. 2^8 ni 256, na kwa 311 hiyo ni sawa na −55. Ipige mraba upate 2^16: 3,025, toa 311 mara tisa, inabaki 226, ambayo ni sawa na −85. Zidisha −85 kwa −55 upate 2^24: 4,675, inabaki 10. Bado vipeo saba: 10 × 128 ni 1,280, inabaki 36. Toa moja: 35. Imekubali.

Hii njia ya kupiga mraba na kuchukua baki ishike vizuri, utaikuta chuoni.

Mzee wa Upanga

Vijana, mnafanya jambo zuri. Mimi si mtu wa kompyuta, lakini nauliza: ni nani hasa alikaa akazigawa hizo zote? Na lini?

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, Urusi. Uthibitisho wake aliueleza mwaka 1772 ndani ya barua kwa Bernoulli, mwanahisabati mwenzake. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, alikuwa haoni karibu chochote, na hesabu nyingi alizifanya kichwani akiwaambia wasaidizi wake waandike.

Kabla yake kulikuwa na madai. Cataldi, Mtaliano, mwaka 1588 alikuwa amethibitisha kipeo 17 na 19. Akaendelea kusema kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Kati ya hizo nne ni 31 pekee iliyokuwa kweli. Halafu Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, mwaka 1644 akatoa orodha yake mpaka kipeo 257. Humo 31 imo, na ni sahihi. Lakini aliingiza 67 na 257 ambazo si tasa, akaacha 61, 89 na 107 ambazo ni tasa. Pamoja na hayo ukoo mzima umechukua jina lake, na mimi naona anastahili, kwa sababu orodha yake iliwafanya watu wafanye kazi ya kuikagua kwa zaidi ya miaka 250.

Ile 67 iliangushwa na Lucas, mwanahisabati Mfaransa, mwaka 1876 bila kuonyesha vigawo. Vigawo vilionyeshwa na Frank Cole huko Marekani mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Na kuna Mwingereza anaitwa Peter Barlow. Mwaka 1811 aliandika kwamba namba kamilifu inayotokana na hii 2,147,483,647 huenda ikawa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi zinavutia tu bila kuwa na faida na hakuna atakayejisumbua kuivuka. Mwaka 1876 Lucas huyohuyo akathibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Mwezi Oktoba 2024 ikatangazwa 2^136,279,841 − 1, iliyopatikana na Luke Durant kwenye mradi wa GIMPS unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani. Ina tarakimu 41,024,320, na ni ya 52 katika ukoo unaojulikana.

Mzee wa Upanga

Umetaja namba kamilifu. Hebu fafanua hapo.

Mwalimu wa Mbagala

Mzee, hilo niachie mimi.

Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiacha yenyewe, unapata yenyewe. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha zamani sana kwamba kila unapopata namba tasa ya mbili kwa kipeo toa moja, unaizidisha na nusu ya ile inayoifuata, unapata namba kamilifu. Kwa 7: inayofuata ni 8, nusu yake 4, na 7 × 4 ni 28. Kwa namba yetu: inayofuata ni 2^31, nusu yake ni 1,073,741,824. Zidisha, upate 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu ya nane. Euler ndiye aliyeonyesha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima itoke kwa njia hii na si nyingine.

Na ninayoipenda zaidi: ukijumlisha 1 + 2 + 3 na kuendelea mpaka 2,147,483,647, jumla yake ni hiyohiyo namba kamilifu. Kanuni ya kujumlisha ni namba mara inayofuata, gawa kwa mbili. Linganisha na ya Euclid, ni kitu kilekile. Vijana wa kidato cha pili wanaweza kuiona.

Muuza Vipuri

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma yote, nimejitahidi kuelewa. Sisi wa dukani hii inatuhusu vipi zaidi ya hilo la namba za simu? Nauliza kwa nia njema.

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Swali halali kabisa kaka, nalijibu kwa mambo matatu yanayokugusa.

La kwanza ni hela. Kuna mifumo ya mauzo inayotunza fedha kwa senti ili kukwepa videsimali. Kwa dola hilo halina shida kubwa. Kwa shilingi yetu, kikomo cha biti 32 kikiwa kwa senti kinakuwa shilingi 21,474,836 na senti 47. Duka la jumla Kariakoo linapita hapo kwa siku moja ya msimu. Kikipitwa wakati programu inajumlisha, mashine inafanya kama mita ya pikipiki iliyojaa, ila hairudi kwenye sufuri, inarukia upande wa hasi: baada ya 2,147,483,647 inakuja −2,147,483,648. Mfumo wako ukianza kuonyesha mauzo ya hasi siku ya biashara nzuri, usianze kumtuhumu muuzaji. Muulize aliyeutengeneza fedha zinatunzwa kwenye safu ya aina gani, na umwambie aihamishie kwenye biti 64.

La pili ni tarehe. Mashine nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile zinazotumia biti 32 zitafika kwenye namba yetu Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa za Dar es Salaam itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901. Simu na kompyuta za sasa nyingi zimeshahamia biti 64. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahauliwa: mashine za mahudhurio, kamera, mita, vidhibiti vya jenereta. Mtu anayenunua kifaa cha kukaa miaka kumi na tano aulize.

La tatu linatoka moja kwa moja kwenye utasa wake. Kompyuta ikitaka namba za kubahatisha, kwa mfano za kuchanganya karata kwenye gemu au za kuchagua mteja wa kupewa zawadi, inaweza kutumia kanuni hii: chukua namba uliyo nayo, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Wazo la mfumo wa namna hii ni la Lehmer, mwanahisabati wa Marekani, na kiwango chenye 16,807 kilipendekezwa na Park na Miller mwaka 1988. 16,807 ni 7 kwa kipeo cha 5. Kwa sababu kigawanyo ni tasa, na kizidisho kimechaguliwa vizuri, mabaki yanapitia kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo yanarudi mwanzo. Angalizo: kanuni hii isitumike kwenye nywila wala miamala, maana anayeijua akiona namba moja anajua inayofuata. Siku hizi kuna zilizo bora zaidi hata kwa gemu. Lakini kama somo, sijaona iliyo nyepesi na safi kuliko hiyo.

Muuza Vipuri

La senti limeniingia. Kesho namwita aliyenifungia mfumo.

Dada wa Mlimani

Niko mwaka wa pili Mlimani, nasoma hisabati. Naomba niongeze majirani wa namba hii, kwa sababu naona mmekaa naye peke yake.

Aliye nyuma yake, 2,147,483,646, ana vigawo vidogo vidogo tu: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Aliye mbele yake ni mbili tupu, 31 zikizidishana. Kwa hiyo amekaa katikati ya namba mbili zinazovunjika vipande vidogo sana, na yeye mwenyewe havunjiki.

Ukipanda ngazi moja, 2^32 − 1 ni 4,294,967,295, sawa na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Hizo tano ndizo namba tasa zote za Fermat zinazojulikana, yaani za sura ya 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea mara mbili mbili, kisha jumlisha 1. Kutokana na kazi ya Gauss, mwanahisabati Mjerumani, umbo lenye pande sawa 4,294,967,295 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, kimsingi, na katika namba witiri hakuna kubwa zaidi inayojulikana kuwa na sifa hiyo. Halafu vuka upande wa pili, 2^32 + 1. Fermat alidhani ni tasa. Euler, mwaka 1732, akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Yaani mtu yuleyule aliyevunja 2^32 + 1 akiwa kijana ndiye aliyekuja kuthibitisha 2^31 − 1 akiwa mzee asiyeona, na chombo alichotumia kilikuwa kilekile: kujua vigawo lazima viwe na sura gani kabla ya kuanza kugawa.

Kuhusu uainishaji, kuna daraja moja ambalo halijatajwa. Kipeo 31 chenyewe ni 2^5 − 1. Kwa hiyo namba yetu ni ya Mersenne ambayo kipeo chake nacho ni tasa ya Mersenne. Za namna hiyo zinazojulikana kuwa tasa ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647, na 2^127 − 1. Ingetegemewa inayofuata iwe 2^8191 − 1, lakini hiyo imeshaonyeshwa kuwa si tasa.

Fundi wa Mifumo (mleta uzi)

Dada, hiyo ya nne inanigusa kwa sababu nyingine. 2^127 − 1 ndicho kikomo cha namba kamili za biti 128. Kwa hiyo ukipanga vikomo vya biti 8, 16, 32, 64, 128 unapata tasa, si tasa, tasa, si tasa, tasa. Ni hayo niliyokuwa nayasema tangu mwanzo, ila hii ya mwisho sikuwa nimeiunganisha na daraja lako.

Dogo wa Kimara

Kuna njia ya kuthibitisha bila kugawa kabisa? Kwa zile za mamilioni ya tarakimu nadhani hata kwa kuchuja haiwezekani.

Dada wa Mlimani

Ipo, na ni nyepesi kuandika. Ilianzishwa na Lucas, ikanyooshwa na Lehmer. Anza na 4. Piga mraba, toa 2, chukua baki kwa namba unayoijaribu. Rudia. Kwa kipeo p kilicho witiri, unarudia mara p − 2. Ukifika sufuri ni tasa, usipofika si tasa.

Jaribu 127, kipeo 7, kwa hiyo mara tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Tasa. Jaribu 2,047, kipeo 11, mara tisa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Haikufika sufuri, si tasa, na ona kwamba hatukuhitaji kuijua 23 wala 89. Kwa namba ya uzi huu unarudia mara 29 tu. Programu ya mistari michache inaimaliza papo hapo.

Mwalimu wa Mbagala

Naomba niweke zoezi, la mwisho kwa upande wangu.

Namba yetu ukiigawa kwa 8 inabaki 7. Namba za aina hiyo haziwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, wala mitatu. Sababu ni rahisi: mraba wowote ukigawanywa kwa 8 unabaki 0, 1 au 4, na huwezi kuchukua tatu kati ya hizo ukapata 7. Lakini Lagrange mwaka 1770 alithibitisha kwamba minne inatosha kwa kila namba nzima. Nimekaa na kikokotoo nikapata:

46,339² + 425² + 10² + 1²

Jumlisheni muone. Ziko njia nyingine. Nani ataleta ya pili? Msianze na 46,340, mtakwama, na nataka mniambie kwa nini.

Dogo wa Kimara

Mwalimu, 46,340 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo mraba wake kwa 8 unabaki 0. Inabaki 88,047 ya kugawiwa miraba mitatu, na 88,047 kwa 8 inabaki 7 tena. Haiwezekani.

Nimeshuka mpaka 46,338. Mraba wake ni 2,147,210,244, inabaki 273,403. Hii kwa 8 inabaki 3, kwa hiyo mitatu iliyobaki lazima yote iwe ya witiri. Nimechukua 521, mraba wake 271,441, imebaki 1,962. Hapo nimehangaika sana mpaka nikapata 39 na 21: 1,521 + 441.

46,338² + 521² + 39² + 21²

Mwalimu wa Mbagala

2,147,210,244 + 271,441 ni 2,147,481,685. Ongeza 1,521: 2,147,483,206. Ongeza 441: 2,147,483,647. Imekaa sawasawa mwanangu. Sasa jaribu 46,337.